Msikiti, kanisa na daftari moja la pesa: maswali yenu ya wiki hii

Wiki ilopita niligusia tu vikundi vya misaada hapa Uganda vyenye watu wa dini tofauti, basi simu ikakataa kupumzika. Nimechagua machache, yale ya matusi nimeyaacha huko huko.

Kaka, hii ya sheikh na padre kufanya kazi pamoja si ya kupigia picha tu wafadhili wakija? (Jinja)

Mara nyingine ndiyo, tusidanganyane. Nishaona viongozi wa dini tatu wamevalishwa tisheti za rangi moja, mchana gari la mfadhili likaondoka na kilichobaki kijijini ni zile tisheti. Lakini panda Mbale, upande wa Namanyonyi, uliza Mirembe Kawomera, maana yake kwa Kiganda amani tamu. Ni ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanza 2004, Wayahudi wetu wa Abayudaya, Waislamu na Wakristo. Aliyeuanzisha ni J.J. Keki, Myahudi, alikuwa New York siku magaidi walipoangusha yale majengo pacha 2001, akarudi nyumbani akaanza kupita mlango kwa mlango kwa majirani zake wa kila dini. Sasa angalia hapa, hakuwaita kuhubiriana. Aliwaita wauze kahawa pamoja badala ya kila mtu kubanwa bei peke yake na mlanguzi, wakapata mnunuzi California aliyewalipa vizuri. Hakuna aliyebadili dini na hakuna aliyeombwa. Mi naamini hiyo ndo siri, kiwepo kitu cha kugawana, mahubiri kila mtu akayasikie kwao.

Hospitali na dawa si kazi ya serikali? Dini zinatafuta nini humo? (Mukono)

Zilikuwepo kabla, ndugu yangu. Mengo ya Waanglikana ni ya 1897, wakati huo wizara ya afya haikuwepo hata ya kulalamikiwa. Halafu kuna jambo wengi hawalijui, Wakatoliki na Waprotestanti, ambao mababu zao walipigana vita hapa Buganda kabisa, wana bohari moja ya dawa, Joint Medical Store pale Nsambya, tangu 1979. Ule ulikuwa mwaka wa kumuondoa Amin, dawa hakuna, kila kitu hakuna, sasa utagombana na nani na mgonjwa yuko kitandani?

Mimi ni wa Gulu, mbona mnasahau kaskazini? (Gulu)

Dada, nakupa haki yako. Wakati wa vita vya Kony na waasi wake wa LRA, viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu, waliunda umoja wao mwishoni mwa miaka ya 1990, wakawa wanaenda msituni kuongea na waasi na wakirudi serikali inawatilia shaka, yaani kote kubaya. Walisukuma sana ile sheria ya msamaha ya 2000. Na 2003, watoto walipokuwa wanatembea kila jioni kutoka vijijini kuja kulala mjini wasitekwe, Askofu Mkuu Odama na wenzake wakachukua magunia wakaenda kulala nje na wale watoto. Kwenye kundi hilo alikuwemo Askofu Ochola, mke wake aliuawa na bomu la ardhini 1997, na bado mzee alikuwa anasema msamaha. Mi nisingeweza, nasema ukweli wangu.

Naweza kutoa zaka yangu kwenye kikundi chenye Wakristo? (Arua)

Hajati, zaka ina watu wake, Kurani imetaja mafungu nane, hiyo kaa na sheikh wako kwanza. Sadaka ya kawaida haina shida, mpe jirani yeyote. Vikundi vyenye akili hutenganisha pesa hizi mbili tangu mwanzo, kila moja na daftari lake.

Kuna watu wanatupa posho (ugali) na maharage lakini lazima ukae kwenye ibada kwanza. Ni sawa? (Bwaise)

Si sawa. Mashirika makubwa ya misaada yana kanuni zao tangu 1994, msaada usitumike kusukuma dini wala siasa, na yapo ya kidini yaliyoweka sahihi. Mtu mwenye njaa ataitikia amina yoyote ile. Kwa sasa chukua chakula, watoto wale, halafu mwende watatu wanne kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mkamwambie.

Tuko ishirini na mbili, msikiti na makanisa mawili, tunataka kuanza. Tuanzie wapi? (Busia)

Kikundi cha kijiji kinaandikishwa wilayani, msipoteze nauli ya Kampala. Andikeni katiba fupi, pitieni LC1 halafu afisa maendeleo ya jamii pale gombolola, ngazi iliyo chini ya wilaya, atawaonyesha fomu. Mweka hazina asiwe wa dini moja na mwenyekiti, na akaunti iwe na sahihi tatu. Siku ya mkutano ndo itawasumbua kuliko katiba: Ijumaa Waislamu hawapo, Jumamosi Wasabato, Jumapili makanisa. Wekeni Jumatano saa kumi. Na kuku wa uzinduzi achinjwe na Mwislamu ili wote wale, hiyo hata harusi za Wakristo hapa Uganda wanafanya na hakuna anayeuliza kwa nini.