Ukiokota kinda la mwewe, usimfuge

Mwaka juzi, asubuhi baada ya mvua ya upepo, nilimkuta kinda la mwewe chini ya mkalitusi nyuma ya nyumba yetu hapa Entebbe. Mwenye nyumba, mzee wa Kiganda, akacheka: "Umepata kamunye!" Kwa Kiganda ndiye mwewe, na ndilo jina tunaloziitia taksi zetu pia, na ukishaona zinavyojichomeka barabarani huulizi kwa nini.

Nilikuwa nimetazama video nyingi za Waarabu wakiwinda kwa kozi, ndege mla nyama kama mwewe, katulia juu ya glavu na kofia yake ya ngozi iliyomfunika macho. Nikajiona fundi. Wiki tatu nikamlisha nyama ya ng'ombe, steki kabisa! Akanenepa, kisha miguu ikaanza kupinda, akawa hasimami. Porini wazazi humletea panya na mijusi, na mle kwenye mifupa ndimo anamopata madini ya chokaa (kalsiamu). Steki haina mfupa.

Maji nayo nusura yamuue. Nilimmiminia kwa bomba la sindano, akakohoa na kutoa mapovu. Mfungue mdomo utaona: tundu la pumzi liko papo hapo nyuma ya ulimi. Kinda hupata maji yake kwenye nyama, mwache.

Basi ukimwokota, mtazame kwanza. Kama ni mzima na kiota unakiona, mrudishe. Kama hakifikiki, funga kikapu kwenye tawi la karibu. Yale maneno kwamba mama humkataa akinusa mkono wa mtu ni uzushi. Akiwa ameumia, mfunike taulo, shika miguu kabla ya kitu kingine (kinachochana ni kucha, si mdomo), umtie kwenye boksi lenye matundu. Giza humtuliza; hata ile kofia ya kozi kazi yake ndiyo hiyo. Siku hiyo hiyo mpeleke kituo cha wanyamapori, sisi wa Entebbe tunacho mjini. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya 2019 hairuhusu kumweka nyumbani bila kibali.

Mimi nilichelewa. Mhudumu alimpapasa miguu, akaniuliza amekula nini, nikasema steki. Akanyamaza. Nilipogeuka kuondoka kinda akaanza kunililia chakula, mabawa yakitetemeka, kama anavyomlilia mama yake. Mhudumu akasema, "Huyu anakuona mama yake. Hata akipona, hatumwachii arudi porini."