Koki ikikatikia ukutani, usivunje ukuta

Koki ya zamani ikikatika wakati unaifungua, shingo yake hubaki ndani ya elbo (kiungo cha bomba kilichopinda) iliyozikwa ukutani, na spana haina tena pa kushika. Wengi hapo huchukua tindo na kuanza kubomoa. Mimi nimetoa vipande vya namna hiyo mara nyingi kwa bledi ya msumeno wa chuma, nyundo na bisibisi kuukuu, na ukuta ukabaki mzima.

Funga maji kwanza, kisha fungua koki nyingine iliyo chini ili bomba limwage yaliyobaki. (Kama ni bomba la gesi, acha kabisa, mwite fundi wa gesi.)

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana hubana hesi (ile mizunguko ya skrubu inayokaza shingo ndani ya elbo) na kuzishikilia. Anza kwa kuilegeza hiyo kutu. Sugua ukingo kwa brashi ya waya, lowesha kitambaa kwa mafuta ya kulegeza kutu, kisokote ndani ya tundu na ukiache usiku kucha, maana tundu likilala ubavu mafuta hayatulii. Asubuhi gonga ukingo wa kipande polepole pande zote.

Wapo wanaopigilia chuma chenye pembe ndani ya tundu kisha wanazungusha. Jaribu, ila usikipigilie sana: kipande kitatanuka na kubana zaidi.

Kikigoma, ndipo bledi inapoingia. Ivue kwenye fremu yake, funga kitambaa kinene upande wa kushika, na meno yaelekee kwako ili ikate unapovuta. Vaa miwani, kwa sababu bledi ngumu ikipinda hukatika ghafla. Kata mfereji mmoja kwa urefu wa kipande, kutoka ndani kwenda nje, kisha wa pili kama milimita 5 au 6 pembeni yake. Vuta mikato mifupi, usiharakishe.

Hapa ndipo kazi huharibikia au huponea. Kila baada ya mivuto michache, pangusa unga na umulike kwa tochi. Ukikaribia hesi za elbo, utaona chini ya mfereji vistari vyembamba vinavyoukatiza, vyenye nafasi sawasawa. Kama shingo ni ya shaba na elbo ni ya chuma, rangi nayo hubadilika, njano inageuka kijivu. Acha kukata hapo hapo. Mkwaruzo mdogo juu ya hesi utazibwa na tepu ya kuzibia hesi za bomba, lakini mkato mzito utavuja siku zote.

Sasa weka ncha ya bisibisi kwenye ukingo, nyuma ya kile kiukanda kilicho kati ya mifereji miwili, na ugonge kidogo kidogo kikunjike kuelekea ndani. Kikishakunjika, mzingo wa kipande hupoteza ukakamavu wake. Kibane kwa plaizi, zungusha kinyume cha saa. Mara nyingi hutoka kwa mkono mmoja.

Sugua hesi za elbo, fungulia maji kidogo yasukume nje unga wa chuma, kisha funga tena. Koki mpya ivishe tepu kuelekea upande inaokazwa, uianze kwa vidole. Ikigoma kwenye mizunguko ya mwanzo, itoe uiweke upya kabla ya kushika spana. Fungulia maji taratibu, ukipitisha karatasi kavu kuzunguka kiungo uone kama panavuja.