Breketi inayovurugika ukibadilisha kipimo kwenye FreeCAD

Mkuu, umesema breketi yako ya rafu uliyoichora kwenye FreeCAD (programu ya kompyuta ya kuchora vitu vya 3D) inavurugika kila ukibadilisha upana. Mara nyingi chanzo ni mchoro bapa wa mwanzo. Funga mistari yote kwa vipimo na masharti (wima, mlalo, ulinganifu) mpaka mchoro ugeuke kijani. Mstari uliobaki mweupe bado unaelea, yaani haujafungwa. Ndipo uupe mchoro unene, kisha utoboe matundu. Matundu yapime kutoka mihimili ya X na Y, usiyashikize kwenye kingo, maana umbo likirekebishwa majina ambayo programu huzipa kingo hubadilika, nayo haijui tena tundu lilishikizwa wapi. Kuviringa kona kuwe mwisho kabisa, hata kama mkono unawasha. Toleo lako la FreeCAD likiwa la kabla ya 1.0 (lililotoka mwaka 2024), sasisha. Tatizo hilo la majina ya kingo limepungua sana kuanzia 1.0.