Nyumba ya Kambare: Mwacheni Baba Alee Mayai

Juzi dada mmoja wa Bamburi aliniandikia: "Kaka, dume amejifungia kwenye kifuu, hali wala hatoki. Nikimulika tochi naona amelalia mayai. Nimtoe kabla hajayala?" Nikamjibu pale pale: zima tochi, ukalale. Halafu nikaona heri niliandike jambo hili kwa kituo, maana wengi wenu mnaniuliza swali hilo hilo kwa maneno tofauti.

Samaki mwenyewe ni pleko mwenye ndevu, Ancistrus, kambare mdogo wa mito ya Amerika Kusini, yule anayelamba mwani kwenye vioo vya tangi. Mnaujua msemo wa nyumba ya kambare, baba ana ndevu, mama ana ndevu, watoto nao wana ndevu. Hawa ni kambare wenye adabu zao: ndevu ni za baba. Humwota juu ya pua na kupanda hadi usoni, zimegawanyika matawi matawi. Jike akijaliwa, ni vijinywele vifupi pembezoni mwa mdomo. Na huyo mwenye ndevu ndiye mlezi. Jike akishataga hana habari tena, anarudi kwenye mboga zake.

Hizo ndevu mimi zimeniumiza roho. Muuza samaki mmoja hapa mjini aliniuzia "jozi mbili zilizokomaa", visamaki visivyozidi kidole gumba. Nilipomuuliza anajuaje dume ni yupi, alicheka mbele ya wateja, akasema watu wa mtaa wetu tungebaki na kuku wetu. Walipokua, wote wakawa majike. Kile kicheko sijakisahau, na msinihubirie kusamehe. Ndugu zangu, samaki akiwa hajafika sentimita 6 hivi, hakuna wa kukuapia jinsia yake. Dume nilikuja kumpata kwa mfugaji mwenzangu wa Kisauni, ndevu zinaonekana tangu mlangoni.

Sasa pango. Wengine hununua mapango ya udongo yaliyotoka ng'ambo. Sisi tuna nazi. Chukua kifuu kilichokunwa vizuri kwenye mbuzi, kiparuze masalia yote ya nyama kwa kisu, ukichemshe, umwage maji, uchemshe tena, hadi juu ya maji kusiwe na utando wa mafuta hata kidogo. Ukiharakisha hapa, tangi zima litavunda. Kisha toboa ukingoni mlango mdogo wa kumpitisha dume kwa taabu, ukifudikize kwenye mchanga, mlango uelekee penye kiza. Dume hataki sebule, anataka chumba cha kumbana mbavu, aweze kuziba mlango kwa mwili wake.

Kuhusu joto, huku Pwani hita ni pambo tu. Wakati wa kaskazi shida yetu ni kinyume chake: maji yakipata moto hubeba hewa kidogo, na mayai nayo yanavuta hewa. Ndiyo maana dume anakaa humo akipepea kwa mapezi na mkia usiku na mchana. Hajalala, wala hayali mayai. Kwa hiyo pampu ya hewa isizimwe, na umeme ukikatika uwe na ile ya betri. Maji ya tangi la darini yateke alfajiri, si saa nane mchana. Ya mkokoteni yaonje kwanza, maana mengine ni ya kisima cha chumvi. Ya bomba yalaze kwenye ndoo na hewa ikipita, klorini itoke. Ukitaka wazae, badilisha thuluthi ya maji kwa maji yaliyopoa kidogo, jioni mbili tatu mfululizo. Hudhani mvua zimeshuka.

Mayai ni ya rangi ya chungwa, yameshikamana bonge moja. Huanguliwa baada ya siku 5 hivi, na vifaranga hubaki pangoni na mfuko wa kiini tumboni karibu wiki nzima. Usiwape chakula, wanacho. Usiinue kifuu, wala usiwaonyeshe wageni. Dume akishtushwa ndipo hutupa mayai nje. Yakitupwa, yaweke kwenye chujio la chai lililozama karibu na mapovu ya hewa, utoe kila lililogeuka jeupe kabla ukungu haujaambukiza mengine. Mimi hutia na jani kavu la mkungu, hayo ya kuokota barabarani.

Wakitoka, ni kula tu. Mchicha wa soko la Kongowea uoshwe sana, uchovywe maji ya moto, ubanwe chini kwa uma. Tango na mumunye pia. Watazame wakijibandika kwenye kioo: tumbo liwe la mviringo; likibonyea, wana njaa. Mabaki yatoke siku hiyo hiyo, maji kidogo yabadilishwe kila siku. Mvivu wa kubeba ndoo asifuge samaki, anunue picha ya samaki atundike ukutani.

Wa kwangu wa uzao huu wameshafika sentimita 3, na watu wameanza kupiga simu wakitaka jozi. Jozi siuzi. Nauza vifaranga, bei moja kwa wote, na anayetaka dume asubiri ndevu ziote.