Ukiwaondoa watu, jamii inabaki wapi?

Mwanangu Neema,

Marahaba, barua yako nimeipata. Unasema mhadhiri amewafundisha kwamba kwa Durkheim, yule mwanasosholojia Mfaransa, jamii ni kitu kilicho nje ya mtu, nawe unauliza: "Baba, ukiwaondoa watu, jamii inabaki wapi?" Hata mimi swali hilo lilinisumbua chuoni.

Ninalo mbele yangu daftari la chama chetu cha kufa na kuzikana. Kurasa za mwanzo wino umefifia. Wazee 14 walioliandika wameshazikwa wote, kila mmoja kwa utaratibu uleule aliouweka mwenyewe: mchango kwa kila nyumba, turubai, wanaume kulala nje msibani. Ada imepanda, majina yamebadilika yote, utaratibu upo. Waliuacha, nasi tukaukuta.

Mwaka 1895 Émile Durkheim aliandika kwamba mambo ya namna hiyo yachunguzwe kama vitu, kwa kuwa yako nje ya mtu na yanamshurutisha. Mfano wake mmoja ni lugha: hakuna aliyemlazimisha kusema Kifaransa na Wafaransa wenzake, lakini angefanyaje vinginevyo?

Shurutisho lenyewe huwa hulioni mpaka ulikiuke. Nilipohamia mtaa huu, wewe hujazaliwa, jirani alifiwa, mimi nikabaki ndani napiga pasi mashati ya kazini. Hakuna aliyenigombeza. Kesho yake dukani kila niliyemsalimu alijibu "salama", akageukia mwingine. Nilifika wa kwanza, nikahudumiwa wa mwisho. Sukari robo tu, mwanangu! Msiba uliofuata nilibeba viti mimi.

Ila Durkheim usimmeze mzimamzima. Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani wa zama zake, alianzia kwa mtu mwenyewe: anatenda nini, na kwake tendo hilo lina maana gani. Mwaka jana vijana walitaka anayefanya kazi mbali atume mchango kwa simu, asitozwe faini ya kutofika. Tulibishana hadi magharibi, hoja ikapita kwa kura mbili. Mimi nilikataa, mama yako aliwaunga mkono. Hapo Weber angetabasamu: ni watu wenyewe, kila mmoja na sababu yake, waliobadili utaratibu.

La nyumbani sasa. Umeshapita miaka 18, kadi yangu ya chama haikuhesabu tena. Katibu ameniuliza mara mbili jina lako liingie lini.

Baba yako