Jibu: AC 3 ya kitabu cha zamani inapigwa kirahisi mno
Mkuu, salama. Umesema mlinzi mwenye AC 3 (AC ni namba ya ugumu wa kumpiga mtu) kwenye kitabu chako cha D&D, yaani Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, cha miaka ya 1980 anapigwa na karibu kila kete ukitumia toleo la tano la mchezo huo. Zamani AC ndogo ndiyo iliyokuwa ngumu; toleo la tatu, mwaka 2000, likaigeuza, kubwa ikawa ndiyo ngumu. Kwa hiyo toa 3 kwenye 20, unapata 17. Angalia kwanza asiyevaa deraya kapewa ngapi humo: kama ni 9 badala ya 10, toa kwenye 19.

Ila mie hesabu hiyo naifanya kwa viumbe wasiomo kwenye kitabu kipya tu. Goblini, yule zimwi mdogo, yumo, mchukue alivyo. Kinachoua ni idadi: hapa Nkuhungu niliwaacha goblini wa pango zima waje pamoja, kundi la wachezaji wangu likaisha chai haijapoa. Siku hizi nawaleta wanne wanne.

Sumu ya kuua papo hapo naifanya ipunguze uhai tu. Na dhahabu usiisahau: zamani ndiyo iliyoleta pointi nyingi za uzoefu, zile za kupandia ngazi, ndiyo maana watu walinyemelea na kuiba. Ukiiondoa, watapigana na kila kinachotikisika. Wachezaji wangu nawapandisha ngazi wakimaliza pango. Ngazi za juu sijaendesha, waliofika huko waseme.