Maswali ya Wasomaji: Mgongo wa Franconia Wakati wa Theluji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Boston. Niliwahi kufika kilele cha Uhuru, na sasa wenzangu wananishawishi tukauzunguke mgongo wa milima wa Franconia, New Hampshire, mwezi Januari. Kwa kuwa kilele chake kirefu kuliko vyote, Lafayette, kina mita 1,600 tu, je, kuna haja ya maandalizi makubwa? Tupande kwa njia ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, haja ipo, tena kubwa. Kwenye mita 5,895 za Uhuru ulipambana na uhaba wa oksijeni ukiwa na waongozaji na wapagazi, ilhali Franconia utajiongoza mwenyewe, na adui mkuu huko ni upepo. Nyuzi 15 chini ya sifuri, upepo ukivuma kilomita 60 kwa saa, huiumiza ngozi iliyo wazi kama nyuzi 30 chini ya sifuri.

Wengi huuzunguka mgongo huo, mwendo wa kilomita 14 hivi, kwa kupanda njia ya Falling Waters hadi kilele cha Little Haystack, kupitia kilele cha Lincoln hadi Lafayette, kisha kushuka kwa njia ya Old Bridle Path. Mpangilio huo una sababu, kwani Falling Waters ina mwinuko mkali kando ya maporomoko yanayoganda, na barafu hupandika kwa urahisi kuliko inavyoshukika. Ubaya wake ni kwamba miti hukukinga mpaka karibu kabisa na Little Haystack, kisha unatokea mahali peupe ghafla, na kutoka hapo hadi Lafayette, takriban kilomita 2.7, hakuna njia nyingine ya kushukia. Kwa hiyo koti la upepo, miwani ya theluji na kifunika uso vivaliwe mkiwa bado mitini, na uamuzi wa kuendelea au kurudi ufanyike hapo hapo.

Ushauri wangu ni kwamba safari ya kwanza msizunguke kabisa: pandeni na kushuka kwa Old Bridle Path. Ukiwa njiani unauona mgongo wote ng'ambo ya bonde, na ukiona theluji inapeperushwa kutoka juu kama moshi, geuka bila kubishana na mtu. Msitegemee kujihifadhi katika kibanda cha Greenleaf kilicho kwenye njia hiyo, kwa kuwa hufungwa majira hayo.

Someni utabiri wa vilele unaotolewa na kituo cha hali ya hewa cha Mount Washington, kisha anzeni mapema, maana mapema Januari jua huzama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Taa ya kichwani ni lazima kwa kila mmoja. Chukueni vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti, pamoja na viatu vipana vya theluji. Nguo za pamba ziacheni nyumbani, kwa sababu zikilowa jasho hazikauki. Chupa za maji zipakieni zikiwa zimegeuzwa kichwa chini, kwani maji huanza kuganda juu, na hivyo mdomo wa chupa hautaziba.